Nimeitwa usaili wa mikopo ya majengo, nami nimezoea mikopo ya sokoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilisomea fedha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na tangu nimalize nimekuwa afisa mikopo kwenye taasisi ya mikopo midogo. Wateja wangu ni akina mama wa Soko la Majengo, mafundi wa Chang'ombe na vijana wa bodaboda. Mkopo mkubwa kuliko yote niliowahi kuuandikia ni wa shilingi milioni nane.

Sasa kuna benki imeniita kwenye usaili, kitengo cha mikopo ya majengo. Barua yao inasema nitapewa jalada la mteja mwenye jengo la kupangisha, nikae nalo saa tatu na kompyuta, niandike andiko la kurasa mbili kwa kamati ya mikopo, halafu nilitetee mbele ya watu watatu.

Nimejaribu kujiandaa. Nimeangalia video nyingi mtandaoni, karibu zote za Marekani. Mtu ananunua jengo New York, anakopa, anakokotoa faida atakayopata akiliuza baada ya miaka mitano. Nikichukua jedwali lao nikaweka riba ya kwetu, kila kitu kinakuwa hasi. Nimerudia mpaka usiku wa manane, nadhani nakosea fomula.

Kuna jambo jingine linaninyima raha. Rafiki yangu alifanya usaili huohuo mwaka jana, na alilipiga picha jalada lote kwa simu. Anasema benki hurudia zoezi lilelile na yuko tayari kunirushia. Mume wangu anasema nichukue, mjini akili. Mimi moyo unasita.

Nianzie wapi Shangazi? Na nikiulizwa nisichokijua nifanyeje?

Afisa wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuitwa.

Picha usizichukue. Majalada ya mazoezi mara nyingi hutokana na mteja wa kweli aliyefutwa jina, na kazi unayoiomba ni ya kutunza siri za watu wenye mali na madeni. Ukianza kwa kupokea jalada la wizi, umeanza vibaya hata kama hakuna atakayejua. Mume wako anakutakia heri, ila mwambie hivi: wale watatu watabadilisha namba moja katikati ya mazungumzo, na aliyekariri huonekana hapohapo. Mwombe akusaidie kwa njia nyingine, nitakayokueleza chini.

Fomula yako haina kosa lolote. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana umeona jambo ambalo wasailiwa wengi hawalioni, ukadhani ni udhaifu wako.

Zile video nyingi zimetengenezwa na watu waliozoea riba ndogo. Kwa miaka mingi kabla riba hazijapanda mwaka 2022, mtu kule aliweza kukopa kwa asilimia nne akanunua jengo linaloingiza asilimia tano au sita ya bei yake. Mkopo wenyewe ulimwongezea faida. Kwetu riba ya mkopo wa shilingi ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, na pango la jengo zuri la Dodoma, ukishatoa gharama, halifikii riba. Kwa hiyo hasi uliyoiona ni habari ya kweli kuhusu jengo: linaingiza chini ya gharama ya fedha iliyokopwa kulijenga. Afisa wa mikopo akiiona, swali linalofuata ni moja tu. Fedha ya kujazia pengo itatoka wapi?

Tena zile video zinasema kwa sauti ya mnunuzi. Jengo likipanda bei, mnunuzi anatajirika, lakini benki inapata rejesho lilelile lililoandikwa kwenye mkataba. Jengo likianguka, benki inaanguka nalo. Ndiyo maana akili ya mkopeshaji huanzia kwenye kinachoweza kuharibika, na wewe umeifanya kazi hiyo kwa miaka kule sokoni bila kuipa jina kubwa.

Chukua kalamu tufanye mfano. Namba ni za kutunga, ila utaratibu ndio huohuo wa jalada utakalopewa.

Mteja ana jengo Ilazo, ghorofa mbili. Chini maduka 8, kila moja linalipiwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Juu nyumba 16, kila moja 350,000. Anaomba milioni 400 kwa miaka 10, tuchukulie riba ni asilimia 16. Mthamini ameandika jengo lina thamani ya soko ya milioni 700. Msailiwa mwenye haraka atagawa 400 kwa 700, apate asilimia 57, aandike kwamba dhamana inatosha na mkopo upitishwe. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo, na wengi wanaishia hapo.

Sasa twende taratibu. Pango la mwezi ni milioni 8.8, kwa mwaka milioni 105.6. Hakuna jengo linalojaa mwaka mzima; toa asilimia 10 ya vyumba vitakavyokaa wazi, inabaki milioni 95. Mlinzi, usafi, matengenezo, bima, kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo na mtu wa kusimamia wapangaji, tuseme milioni 20. Usisahau maji: sehemu kubwa ya maji ya mji huu imetegemea visima vya Mzakwe tangu zamani, na jengo lisilo na kisima wala matangi makubwa litanunua maji ya boza au litakimbiwa na wapangaji. Inabaki milioni 75. Kisha kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 ya kinachokusanywa, milioni 9.5. Mkononi kuna milioni 65.5.

Rejesho la milioni 400 kwa miaka 10 kwa riba hiyo ni kama milioni 6.7 kwa mwezi, yaani milioni 80.4 kwa mwaka. Jengo linaleta 65.5, deni linataka 80.4. Uwiano wa mapato kwa rejesho ni 0.81. Kila mwaka kuna pengo la karibu milioni 15, na hapo bado hakuna mpangaji aliyechelewa kulipa.

Umeona? Dhamana inatosha na mkopo haulipiki. Mambo haya mawili yanakaa pamoja kwenye jalada moja, na nina hakika ndiyo watakayokuwekea, kwa sababu hapo ndipo mikopo mingi ya majengo inapogeuka kuwa chechefu, yaani isiyolipwa inavyotakiwa. Benki haitaki jengo. Kuuza nyumba ya mtu ni notisi, dalali wa mnada, zuio la mahakama na miaka ya kwenda na kurudi. Dhamana ni ya siku mbaya, rejesho ni la kila mwezi.

Mteja atakuambia ongeza muda uwe miaka 15. Jaribu. Rejesho linashuka mpaka milioni 70.5 kwa mwaka, bado liko juu ya 65.5. Riba ikiwa kubwa, kurefusha muda kunasaidia kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya rejesho ni riba. Ukilisema hilo kwa sauti mbele yao, watainua vichwa.

Basi rudi nyuma. Benki ikitaka mapato yazidi rejesho kwa robo, yaani uwiano wa 1.25, jengo hili linabeba rejesho la milioni 52.4 kwa mwaka. Kwa miaka 10 hiyo ni mkopo wa milioni 260 hivi. Hilo ndilo jibu lako, milioni 260, na kama mteja anataka 400 aoneshe mapato mengine yenye ushahidi: biashara yenye hesabu, taarifa za benki za mwaka mzima, mshahara. Kariri kitu kimoja tu kabla ya siku hiyo: kwa asilimia 16, kila milioni moja ya miaka 10 inadai takriban shilingi 16,750 kwa mwezi, na ya miaka 15 kama 14,700. Ukiwa na hizo kichwani, hata kompyuta ikigoma utakadiria rejesho lolote.

Namba zikishakaa, geukia mahali zilipotoka, kwa maana jalada linaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia uongo. Niliwahi kwenda kukagua hosteli ya wanafunzi Ng'ong'ona. Orodha ya wapangaji iliyoletwa ofisini ilionesha vyumba vyote vimejaa. Nikamwomba mlinzi daftari lake la zamu. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limechanika, kila chumba kimepewa mstari wake: jina, tarehe ya kuingia, na alama ya vema kwa aliyekabidhiwa ufunguo. Kuanzia mwezi wa saba mistari ilikuwa mitupu, ukurasa mzima, mpaka chuo kilipofunguliwa. Hakuna aliyedanganya. Mwenye nyumba aliandika bei mara miezi 12, na wanafunzi hawalipi miezi 12.

Kwa hiyo ukipewa hosteli, hesabu miezi ambayo chuo kipo wazi, kisha jiulize chuo kikifungwa ghafla itakuwaje. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya corona, vikafunguliwa tena Juni 1. Rejesho la mwenye hosteli linadaiwa hata mwezi ambao hakuna godoro lililokaliwa. Ukipewa ofisi za kupangisha mjini, kumbuka yaliyotokea hapahapa: serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 wizara zilitafuta nafasi popote zilipopatikana, yakiwemo majengo ya UDOM, na Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa, ofisi zikahamia huko. Mpangaji mkubwa mwenye sifa nzuri naye huondoka. Soma mkataba wake unaisha lini, ulinganishe na mwisho wa mkopo.

Hapo tazama pia jinsi pango linavyolipwa. Wapangaji wetu wengi wanalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na benki inadai kila mwezi. Mwenye nyumba akipokea mkupuo Januari, kufika Mei fedha imeshajenga msingi wa jengo jingine. Kwenye masharti yako andika kwamba pango lote lipitie akaunti iliyo kwenye benki hiyo, na rejesho la miezi mitatu litengwe lisiguswe. Kwa mkopo wa milioni 260 hiyo ni kama milioni 13. Pima inavyosaidia: maduka manne kati ya yale manane yakifungwa mwaka mzima, mapato yanashuka mpaka milioni 50 na rejesho ni milioni 52. Pengo la milioni mbili na ushee linafunikwa na akiba hiyo. Sasa sharti lako lina sababu yenye namba, haliko pale kwa sababu fomu ina nafasi ya masharti.

Kuhusu hati nitasema kwa ufupi, ila usilipite. Ardhi ya mji huu ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) kuanzia 1973 mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kuhamia halmashauri. Hivyo unaweza kukuta kwenye jalada karatasi ya zamani ya CDA, ambayo ilikuwa ya miaka 33, au hati iliyokwisha kubadilishwa. Angalia muda uliobaki. Mkopo wa miaka 15 kwenye haki inayoisha baada ya 12 ni kichekesho cha kamati. Barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, bado haijawa hati. Dai upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone kama kuna rehani nyingine au zuio. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuiweka rehani. Kwenye mazoezi ya usaili, wasaili hupenda kuweka mteja aliyeandika "hajaoa" huku mkataba wa zamani wa kiwanja ukiwa na majina mawili. Angalia majina.

Na ripoti ya uthamini isome mpaka mwisho. Utakuta thamani mbili, ya soko na ya mauzo ya lazima, yaani bei ya kuuza kwa haraka mkopaji akishindwa kulipa. Kwa jengo letu la Ilazo, tuseme ya pili ni milioni 490. Mkopo wa 400 hapo ni asilimia 82, wa 260 ni asilimia 53. Andika zote mbili. Afisa anayeandika ile nzuri peke yake kamati haimwamini tena.

Siku yenyewe, saa tatu ni chache. Soma jalada lote kwanza bila kugusa kompyuta, uandike pembeni kila mahali karatasi mbili zinapopingana. Jedwali lako liwe la ukurasa mmoja, riba, muda na pango zikae juu mahali pamoja, ili wakisema "badilisha riba" ubadilishe sehemu moja na mengine yajifuate. Usipake rangi. Nimemwona kijana aliyeleta kurasa tisa za ekseli zenye rangi za bendera, halafu mwenyekiti akamuuliza, "Fedha hizi zingekuwa zako, ungempa?" Akajibu, "Inategemea." Alikuwa na akili nyingi, lakini kamati haiwezi kupitisha "inategemea".

Kwa hiyo andiko lianze na uamuzi. Sentensi ya kwanza iseme: napendekeza mkopo wa milioni 260 kwa miaka 10 badala ya milioni 400 zilizoombwa, kwa sababu mapato ya jengo hayafikii rejesho la kiasi kilichoombwa. Baada ya hapo eleza mkopaji ni nani, atalipa kwa fedha ipi, akishindwa tunabaki na nini, na masharti. Hatari kubwa mbili au tatu zinatosha. Ukiorodhesha kumi na tano unamwambia msomaji kwamba hujui ipi ni kubwa.

Sasa msaada wa mume wako. Jumamosi nendeni wote Ilazo au Kisasa, mchague jengo moja. Waulizeni madalali wawili pango lake, muone kama majibu yanalingana. Hesabu maduka yaliyofungwa, tazama matangi ya maji, uliza mpangaji wa mwisho aliondoka kwa nini. Jioni andika andiko lako kwa saa tatu ukiwa umeweka simu chumba kingine, kisha yeye akae kama kamati. Kila baada ya dakika chache akubadilishie kitu: riba imepanda kwa asilimia mbili, duka kubwa limeondoka, mke wa mteja amegoma kusaini. Riba ikiwa hiyo ya asilimia 18, mkopo wako wa 260 unadai milioni 56 kwa mwaka, uwiano unashuka kutoka 1.25 mpaka kama 1.17. Bado unalipika. Jizoeze kulisema hilo ukiwa umemtazama usoni. Na swali la riba usilione la kutunga. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza riba yake kila robo mwaka, nawe ujue ya robo hii kabla hujaingia chumbani.

Uzoefu wako wa sokoni usiufiche. Mtu aliyehesabu matenga ya nyanya kabla ya kuamini daftari la mauzo anajua kukagua jengo. Wakiuliza umewahi kushughulikia mkopo mkubwa kiasi gani, taja milioni nane bila kushusha sauti, kisha waeleze mteja mmoja uliyemkatalia na kwa nini.

Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na useme ungekipata wapi: "Sijui kodi ya ongezeko la thamani inalihusuje pango la maduka haya, ningemuuliza mtu wa kodi kabla ya andiko kwenda kamati, na kama inahusu ningeangalia mikataba inasema nani anailipa." Jibu la namna hiyo linapokelewa vizuri kuliko kubahatisha, kwa sababu afisa anayebahatisha ndani ya usaili atabahatisha na fedha za wenye akiba.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Waulize mikopo yao ya majengo iliyosumbua mara nyingi hukwamia wapi, kwa wapangaji, kwenye hati au kwa mkopaji mwenyewe. Hawatataja wateja, wala usiwatake wataje. Ila msikilize anayejibu. Akieleza kwa utulivu, hapo utajifunza kazi. Wote wakitazamana na kusema hawana mikopo ya kusumbua, kabla ya kusaini mkataba wa ajira nipigie tuzungumze.